Somo: Kupata taswira ya lenzi na ya kioo cha kupinda, na kuipima

Wengi hukariri kanuni kabla ya kuiona taswira yenyewe, halafu jibu likitoka na alama ya kutoa wanadhani wamekosea. Tuanze na karatasi nyeupe. Taswira halisi iko pale miale inapokutana, na mahali hapo huwa hewani, mbele ya kioo au ng'ambo ya lenzi. Weka karatasi hapo, utaiona. Isogeze sentimita mbili tu, inaparaganyika.

Vifaa. Lenzi mbinuko (ile nene katikati) yenye umbali wa fokasi (kutoka lenzi hadi pale miale ya kitu cha mbali inapokutana, kwa kifupi f) wa kama sm 10, tochi, kadi ngumu, karatasi nyeupe ya kuwa skrini, rula ya mita moja, na udongo wa kufinyangia wa kusimamishia lenzi. Kata tundu la herufi F kwenye kadi, kimo chake sm 1, kisha bandika nyuma yake karatasi nyembamba inayopitisha mwanga na uweke tochi hapo. Usiiruke karatasi hiyo: bila yenyewe skrini itakuonyesha balbu badala ya F. Mshumaa unafaa, ila hucheza na upepo na hauonyeshi kama kulia kumekuwa kushoto.

Hatua ya 1: kadiria f. Elekeza lenzi kwenye kitu cha mbali nje ya dirisha, mti kwa mfano, na sogeza karatasi nyuma yake hadi taswira iwe kali. Umbali kati ya lenzi na karatasi ndio f. Kitu kikiwa mita 5 tu, lenzi ya sm 10 itakupa sm 10.2, kosa dogo linalovumilika. Jua usilitumie: karatasi itaungua, na kulitazama kupitia lenzi kunapofua macho.

Hatua ya 2: panga mstari. Katikati ya F, ya lenzi na ya skrini ziwe kimo kimoja, na lenzi isimame wima kabisa. Ikiinama, mistari ya wima na ya mlalo ya F haitakuwa mikali kwa wakati mmoja. Hapa ndipo vipimo vingi huharibikia, kwa hiyo usione uvivu kurudia.

Hatua ya 3: tafuta taswira. Weka F na skrini umbali wa sm 45, visiguswe tena. Sogeza lenzi peke yake kutoka upande wa F. Ikifika sm 15 kutoka F, taswira kali inatokea, imepinduka juu chini na kulia kushoto, kimo sm 2. Endelea kusogeza, inapotea, kisha inarudi lenzi ikiwa sm 30 kutoka F, safari hii kimo sm 0.5. Tumia u kwa umbali wa kitu, v kwa umbali wa taswira:

1/f = 1/u + 1/v, na ukuzaji (taswira ni mara ngapi ya kitu) = v ÷ u

1/15 + 1/30 = 1/10, na ukuzaji ni 30 ÷ 15 = 2. Mahali pa pili u na v zimebadilishana tu, ndiyo maana ukuzaji umekuwa nusu.

Hatua ya 4: ingia ndani ya fokasi. Weka F sm 5 kutoka kwenye lenzi. Hangaika na skrini upendavyo, hutapata kitu, kwa sababu miale inatoka ikiwa bado inatawanyika. Ondoa skrini, tazama kupitia lenzi: F imesimama wima na imekuwa kubwa mara mbili. Kanuni inatoa v = −10. Alama ya kutoa inasema taswira si halisi, iko upande uleule wa kitu.

Kioo mbonyeo (kilichobonyea katikati, kama ndani ya kijiko). Kanuni ni ileile, ila skrini inakaa upande wa kitu na huziba mwanga. Njia nyepesi: sogeza kadi yenye F mbele ya kioo hadi taswira ianguke kwenye kadi hiyohiyo, kando ya tundu, kwa ukubwa uleule. Gawa umbali huo kwa 2, umepata f.

MASWALI YA WANACHAMA

Nimeweka skrini sm 35 kutoka kwenye mshumaa, lenzi ya f sm 10, sipati taswira kali popote. Lenzi mbovu?
Lenzi ni nzima. Umbali kati ya kitu na skrini lazima ufike angalau 4f, yaani sm 40 kwako. Chini ya hapo hakuna mahali pa lenzi panapotosheleza kanuni.

Nikiziba nusu ya lenzi kwa kadi, nusu ya taswira itakatika?
Hapana. Kila nukta ya kitu hutuma miale kwenye lenzi nzima, hivyo nusu iliyobaki inachora taswira yote, ila inafifia. Ukiziba kingo na kuacha tundu katikati, taswira huwa kali zaidi, kwa kuwa miale ya pembezoni hukutana karibu kidogo na lenzi kuliko ile ya katikati.

Kioo mbinuko (kilichotuna katikati, kama mgongo wa kijiko) mbona hakinipi kitu kwenye skrini?
Hakitakupa kwa kitu chochote kilicho mbele yake, maana kinatawanya miale. Kwa sababu hiyo f yake huandikwa na alama ya kutoa. Chukua f = −15 na u = 30: v ni −10, ukuzaji theluthi moja. Taswira ni ndogo, wima, nyuma ya kioo. Kwa udogo huo kinaonyesha eneo pana, na ndiyo sababu huwekwa kwenye kona za barabara.

Lenzi na kioo nikivitia majini, f inabadilika?
Ya kioo haibadiliki, kwani kuakisi hakutegemei maji wala hewa. Ya lenzi ya kawaida ya glasi inarefuka karibu mara 4: sm 10 inakuwa kama sm 39, kwa sababu mwanga unapinda kidogo tu ukitoka majini kuingia kwenye glasi.