Kupoza maji ya haidroponiki nyumbani kwa joto la Tanga

Maelekezo mengi ya haidroponiki, yaani kilimo cha kwenye maji bila udongo, yanataka maji yenye virutubisho yakae kati ya nyuzi 18 na 22. Kwa Tanga, kuanzia Desemba hadi Machi, sahau hilo. Usiku wenyewe hewa haishuki sana chini ya nyuzi 24, na pipa la maji hayo, ambamo pampu huyatoa kuyapeleka kwenye mabomba yenye mimea kisha yakarudi, haliwezi kuipita hewa kwa baridi bila kitu cha kulitoa joto. Lengo linalofikika ni nyuzi 25 hadi 27 saa tisa alasiri. Hapo mchicha na mrehani havina shida, na saladi itavumilia ukiipa hewa ya kutosha. Maji yakizidi 30, mizizi iko hatarini.

Kinachoua ni upungufu wa oksijeni. Maji ya nyuzi 20 hushika takriban miligramu 9 za oksijeni kwa lita. Ya nyuzi 30 hushika 7.5 tu, na wakati huohuo mizizi yenye joto hupumua haraka zaidi. Vimelea vya kuozesha mizizi, hasa Pythium, hupenda hali hiyo. Mmea ukinyauka mchana ilhali maji yapo, ung'oe utazame: mizizi mizima ni myeupe na migumu kidogo, iliyooza ni ya kahawia, inateleza na inanuka.

Kabla ya kununua chochote, pima. Kipimajoto cha tangi la samaki kinatosha. Pima saa kumi na mbili asubuhi na saa tisa alasiri, ndani ya pipa na pale maji yanaporudi kutoka kwenye mabomba. Asubuhi 26 na alasiri 34 maana yake jua linaingia mahali. Yanayorudi yakizidi ya pipani kwa nyuzi 2 au zaidi, mabomba ndiyo yanayopika, na kulichimbia pipa shimo hakutasaidia kitu. Asubuhi yakiwa tayari 28 au 29, tazama pampu, au ukuta uliopigwa na jua mchana kutwa na unaotoa joto usiku.

Anza na mabomba, kwa sababu maji yake ni machache na eneo lake la kupigwa jua ni kubwa. Bomba la kijivu la PVC lipake rangi nyeupe mikono miwili, kisha tandaza neti ya kivuli ya asilimia 50 juu yake, ikiwa juu ya mimea kwa nusu mita au zaidi ili upepo upite. Makuti nayo ni mazuri, ila yakisukwa yakabana huzuia mwanga mno na miche hurefuka bila nguvu. Yaweke upande wa magharibi, jua la alasiri linakotokea.

Pipa liwe kubwa kadiri nafasi inavyoruhusu. Ndoo ya lita 20 huchemka kabla ya adhuhuri. Pipa la lita 100 huchelewa, na mara nyingi jua huwa limeshapungua kabla halijafika juu. Liweke kivulini, ndani ya boksi au pipa kubwa zaidi, na nafasi iliyobaki katikati, sentimita 8 hivi, ijaze pumba kavu za mpunga au makumbi ya nazi. Vikilowa havizuii tena joto, kwa hiyo funika juu kwa nailoni. Mfuniko ubane: mwanga ukiingia huota mwani, na upenyo wowote ni makazi ya mbu.

Kulifukia pipa ardhini huondoa kilele cha mchana, lakini usitarajie baridi: udongo wa pwani kwa kina cha mita moja uko karibu na wastani wa joto la mwaka, yaani nyuzi 26 au 27. Acha mdomo wa pipa utokeze sentimita 10 ili maji ya masika yasiingie. Na usiliache tupu wakati huo. Shimo likijaa maji, pipa huelea na kuvunja viungo vya mabomba.

Pampu ya kuzama ya wati 25 ikifanya kazi saa 24 hutoa joto la kutosha kupandisha lita 60 kwa nyuzi 8, kama lisingepotea popote. Tumia ndogo inayotosha, au saa ya kukata umeme: dakika 15 iwake, 15 izime. Usiache muda mrefu zaidi mchana, kwani mizizi ya kwenye mabomba hukauka upesi. Hilo ndilo tatizo la mabomba umeme ukikatika. Kwa nyumba yenye umeme wa kubabaisha, boksi la maji mengi na mizizi ikining'inia ni salama zaidi.

Barafu inafaa kwa siku mbaya. Jaza chupa ya lita 1.5, acha nafasi ya vidole vitatu, gandisha, ifunge vizuri kisha itie ndani ya pipa ikiwa imefungwa. Ukimimina barafu yenyewe unazimua mbolea. Chupa moja hushusha lita 60 kwa nyuzi 2 hivi. Ndoo ya lita 20 ipe ya nusu lita. Itie saa tano asubuhi, kabla joto halijapanda, ubadilishe saa nane. Gunia bichi juu ya pipa hupoza kidogo tu kwa sababu hewa yetu ina unyevu mwingi. Vipoza vidogo vya bei nafuu visivyo na kompresa havifai kwa pipa zima.

Kisha ongeza hewa: pampu ya tangi la samaki na mawe mawili ya hewa (vijiwe vya kutoa viputo majini) kwa lita 60, usiku na mchana. Iweke kivulini, isivute hewa ya moto, na juu ya usawa wa maji, la sivyo umeme ukikatika maji yatarudi kwa mrija mpaka ndani yake.

Mimea hunywa maji zaidi ya mbolea wakati wa joto, hivyo chumvi hupanda. Kwa saladi shusha EC (kipimo cha chumvi za mbolea zilizoyeyuka majini, kwa mS/cm) hadi 1.0 au 1.2, na ongeza maji matupu alfajiri. Ya saa nane kutoka tangi jeusi la juu ya paa ni ya moto. Maji ya kisima karibu na bahari yapime EC kwanza: yakianza na 1.0 kabla ya mbolea, tafuta ya mvua au ya bomba.