Vile unaeza tabiri nani atabeba fainali za NBA bila kuaibika kwa ploti

Kila Juni hapa kwetu Umoja kuna daftari. Ni daftari tu ya kawaida ya mistari, inakaa kwa mama wa chapo pale geti, na kabla gemu ya kwanza ya fainali za NBA, ile ligi ya kikapu ya Marekani, ianze kila msee anaandika jina la timu, itaisha kwa gemu ngapi, anaweka sahihi na mia mbili. Ukishaandika hakuna kufuta. Kama wawili wamechagua timu moja, mwenye amekaribia idadi ya gemu ndiye anabeba. Mimi nimeacha hiyo mia mbili pale mara nyingi kuliko vile ningependa bibi yangu ajue, lakini siku hizi napatia kiasi na watu wameanza kuniuliza, sasa wacha niandike yote mara moja nisirudie rudie kila mwaka.

Kwanza kabisa wachana na majina. 2004 Lakers walikuwa na Shaq, Kobe, Karl Malone na Gary Payton kwa timu moja, ukisoma hiyo orodha unaona ni kama kesi imeisha, na bado Detroit Pistons waliwachapa 4-1. Pistons hawakuwa na staa wa kiwango hicho hata mmoja, walikuwa na watu watano wanaokaba na hakuna hata mmoja wao wa kumfunika, yaani mnyonge wa ulinzi mwenye lazima umfiche. Hiyo ya kumfunika ishike, tutairudia.

Pili elewa hesabu ya siri yenyewe, yaani series, zile gemu hadi saba za timu mbili, ju hapa ndio watu wa mpira wa miguu hupotea. Fainali ya soka ni usiku mmoja, goli moja la bahati na umeenda. NBA unatafuta ushindi nne kwa gemu saba, na kila gemu timu inashika mpira karibu mara mia, kwa hivyo bahati inapungua nguvu na mwenye nguvu anaonekana. Chukua timu yenye nafasi ya asilimia 55 kwa kila gemu, kwa siri nzima inafika kama 61. Ile ya 60 inafika 71, na ile ya 70 inafika 87. Yaani ukiona timu iko mbele kidogo tu kwa kila gemu, kwa saba iko mbele sana. Lakini angalia pia vile hata hiyo 87 si mia, kwa hivyo yule msee husema "hii imeisha, mia kwa mia" hajui hesabu ama ana deni la kulipa.

Sasa hiyo asilimia ya gemu moja utaitoa wapi? Anza na tofauti ya pointi, usianze na idadi ya ushindi. Timu inayoshinda watu kwa pointi kumi kila siku ni tofauti na ile inaponea kwa moja ama mbili, hata kama kwa jedwali zinafanana. Oklahoma City Thunder 2025 walishinda 68 wakapoteza 14, na kwa wastani walikuwa wanawazidi watu kwa karibu pointi 13 kila gemu, kitu haijawahi onekana. Walibeba, sawa, lakini walibeba 4-3 dhidi ya Indiana Pacers waliokuwa na ushindi 50 pekee. Mimi niliandika Thunder 4-1 na kifua mbele. Jirani wa chumba cha nne akaandika Thunder 4-3 na akakula pesa yetu sote, na ukimuuliza sababu anasema tu "hao watu wa Indiana hawajui kukufa."

Pia usichukue takwimu za msimu mzima kama ziko sawa na timu unaiona sai. Dallas 2024 walimleta P.J. Washington na Daniel Gafford Februari na wakawa timu ingine kabisa, so ukihesabu gemu za Novemba unahesabu watu wengine. Mimi huangalia kuanzia hapo katikati ya msimu, halafu mechi za mtoano nazipa uzito zaidi, basi.

Haya, tuingie kwa ile kitu yenyewe. Swali langu kubwa kila Juni ni moja: nani atawindwa? Kwa fainali makocha hupunguza watu, unabaki na kama wanane kila upande, na kila kocha amekuwa na siku kadhaa za kukaa chini na video akitafuta mmoja tu, yule mnyonge kwa ulinzi. Wakimpata ni hivi: staa anashika mpira, yule mwenzake anayekabwa na mnyonge anakuja kumwekea kizuizi yule mkabaji mzuri, walinzi wanabadilishana, na sasa mnyonge amebaki uso kwa uso na staa, kila mtu uwanjani anaona. Wanarudia hivyo usiku mzima mpaka kocha amtoe. Na wakimtoa, mara nyingi ndiye alikuwa anafunga, kwa hivyo umepoteza pande zote.

2016 gemu ya saba, hapa Nairobi ilikuwa Jumatatu saa tisa usiku, niliangalia sauti ikiwa chini kabisa ju mtoto alikuwa amelala. 89-89, chini ya dakika moja imebaki. Kyrie Irving wa Cleveland Cavaliers anakabwa na Klay Thompson wa Golden State Warriors, mkabaji wa ukweli. Mwenzake J.R. Smith anakuja, anaweka kizuizi, wanabadilishana, na sasa mbele ya Kyrie ako Stephen Curry wa Warriors. Kyrie akacheza na mpira kidogo, akarudi nyuma upande wa kulia, akatupa tatu, ule mtupo wa mbali wa pointi tatu. Ikaingia. Cavaliers wakashinda 93-89, wakawa timu ya kwanza kutoka nyuma 3-1 kwa fainali, tena wakiwapiga Warriors walioshinda 73 na kupoteza 9 msimu huo. Dunia nzima inakumbuka ile tatu, mimi nakumbuka kile kizuizi. (Nilikuwa nimeandika Warriors 4-1. Nisiseme mengi.)

2024 pia ilikuwa hivyo hivyo. Luka Doncic wa Dallas kwa kushambulia ni moto, lakini Boston Celtics walimwinda Luka akiwa anakaba kila wakipata nafasi, na wao kwa watano wao wa kwanza hakukuwa na mtu unaeza windwa vile. Ikaisha 4-1.

Kwa hivyo chukua karatasi, andika wanane wa huku na wanane wa kule, halafu kwa kila mmoja jiulize maswali mawili: huyu atakaba nani, na akiwa hana mpira watamwacha peke yake ju hajui kutupa? Timu yenye iko na majibu mabaya mengi ndiyo itateseka. Angalia urefu pia. 2021 Phoenix Suns walimpoteza Dario Saric kwa goti gemu ya kwanza tu, wakabaki na Deandre Ayton peke yake mrefu wa maana, na upande ule mwingine ako Giannis wa Milwaukee Bucks. Gemu ya sita Giannis akawaweka pointi 50, na mitupo huru, ile kitu watu walikuwa wanamchekelea wakimhesabia sekunde kwa sauti, akaingiza 17 kati ya 19.

Kama jicho lako bado halijazoea kuona uwindaji, usianzie kwa TV, kamera inafuata mpira tu. Nenda Nyayo pale jimu siku za ligi, kaa karibu na benchi, sikiliza kocha anapiga kelele jina la nani. Utaona vile wanamtafuta mtu mmoja mpaka unamhurumia. Mimi nilijifunza hapo kuliko kwa video zote za simu, na tangu Nairobi City Thunder waingie BAL 2025, ile ligi ya kikapu ya Afrika, wakiwa timu ya kwanza ya Kenya huko, naona watu wanaanza kuangalia hizi gemu kwa makini.

Majeruhi sasa. NBA inalazimisha timu zitoe ripoti ya majeruhi kabla ya gemu, kwa hivyo isome, usingoje kuambiwa na grupu ya WhatsApp. 2019 Warriors walimpoteza Kevin Durant gemu ya tano na Klay gemu ya sita, Toronto Raptors wakabeba 4-2. 2025 Tyrese Haliburton alikatika kano ya kisigino gemu ya saba robo ya kwanza, na hiyo hakuna mtu angeitabiri. Lakini usizike mtu mapema pia: huyo Giannis wa pointi 50 goti lake lilikuwa limepinda vibaya kwa fainali ya Mashariki, hatua ya kabla ya fainali yenyewe, watu wakasema amemaliza msimu, na gemu ya kwanza ya fainali alikuwa uwanjani.

Uwanja wa nyumbani unaenda kwa mwenye rekodi nzuri ya msimu. Mbili kwake, mbili ugenini, halafu moja moja. Ni faida kidogo, mimi huipa pointi mbili tatu hivi kwa kila gemu na naendelea.

Siri ikianza usipanike. Kama timu ziko sawa sawa, mwenye ameshinda gemu ya kwanza ako na kama asilimia 66. Akiwa 2-0 ni 81, akiwa 3-1 ni 87 na nusu. Suns waliongoza 2-0 hiyo 2021 na wakapoteza nne mfululizo. Kabla ubadilishe mawazo, uliza walishinda vipi. Kama ni tatu zilikuwa zinaingia hata za kufumba macho, hiyo itapoa. Kama ni ule uwindaji ama ribaundi, kudaka mipira iliyokosa kuingia, hiyo itarudi kesho. Gemu ya kwanza ya 2025 Pacers walipoteza mpira mara 25, na mara ya kwanza kuongoza usiku huo wote ilikuwa sekunde 0.3 zikibaki, 111-110. Ushindi ni ushindi, lakini si kitu unaeza kurudia mara nne.

Mwisho pitia odi za watu wa beti, hata kama huweki shilingi. Gawanya moja kwa odi. Timu ya 1.40 ni kama asilimia 71, ya 3.00 ni 33, jumla inapita mia na hiyo ya juu ndio chakula chao, kwa hivyo ile ya kwanza kwa ukweli ni kama 68. Wewe ukipata 85 kwa karatasi yako na wao 68, pengine kuna mtu anachechemea na hujasoma ripoti.

Kwa daftari siku hizi naandika timu, gemu, asilimia yangu, na jina la mtu naamini atawindwa. Halafu nalala saa tatu, alamu ni saa tisa na robo, ju mpira mara nyingi unarushwa na nusu.