Umesomea miamba ya sayari? Hivi ndivyo utakavyoieleza kwa watu

Nilisomea jiolojia ya sayari, nikashinda miaka nikichora ramani za kasoko (mashimo makubwa ya duara) za sayari ya Mirihi, kisha nikahamia kwenye kueleza sayansi redioni na mbele ya wanafunzi. Wanaotaka kufuata njia hii huniuliza wanunue kamera gani. Kamera baadaye. Kwanza chukua picha moja ya sayari, uieleze mpaka asiyesoma jiolojia aielewe.

Anza na mwanga. Macho yetu yamezoea jua la juu, kwa hiyo kasoko ambayo mwanga wake unatokea chini ya picha huonekana kama kilima. Usihubiri. Mpe mtu picha kwenye simu, umwambie aigeuze juu chini (zima kwanza kujizungusha kwa skrini, la sivyo utaumbuka). Kile kilima kitadidimia palepale kiwe shimo. Akishaona hivyo, atakuelewa ukimsimulia ile “sura ya mtu” ya Mirihi. Chombo cha angani Viking 1 kiliipiga picha mwaka 1976 jua likiwa limeinama, vivuli vikachora jicho na mdomo. Chombo kingine, Mars Global Surveyor, kikaipiga tena mwaka 1998 na 2001 kwa undani zaidi. Kumbe ni mlima tu wenye kilele bapa. Usimcheke aliyeamini, maana jicho lake lilifanya kazi kama langu.

Rangi nayo itaje mapema, kabla hujaulizwa. Mchanga wa buluu kwenye picha nyingi za Mirihi kwa kawaida ni basalti ya kijivu, yaani mwamba uliotokana na lava. Rangi zimekolezwa makusudi ili aina za miamba zitofautiane.

Kwenye ukubwa, wengi hukimbilia urefu. Olympus Mons, volkano ya Mirihi, ina kimo cha kilomita 22 hivi, na msikilizaji papo hapo anajenga mnara kichwani. Mtajie upana kwanza: takriban kilomita 600. Sasa ataona mteremko wa taratibu ambao mtu angeupanda bila kukiona kilele.

Sehemu ninayoitumia muda mwingi zaidi ni “tunajuaje?”. Ukisema kasoko ya Jezero kule Mirihi, yenye upana wa kilomita 45, iliwahi kuwa ziwa, usiishie hapo. Onyesha mkondo uliotoboa ukingo, halafu delta (mchanga na tope vilivyoachwa na maji) iliyotandazwa mdomoni mwake, halafu udongo wa mfinyanzi, ambao huhitaji maji ili utokee. Kisha usifiche mambo yalipokwenda kombo: gari la utafiti Perseverance lilitua hapo tarehe 18 Februari 2021, wengi wakitarajia likute mashapo ya ziwa sakafuni. Likakuta miamba iliyotokana na magma, yaani mwamba ulioyeyuka. Mimi hukaa sana hapo, kwa sababu wasikilizaji hupenda kusikia mtaalamu akishangazwa na jiwe.

Istilahi? Moja kwa kila kipindi, tena uitaje baada ya watu kukiona kitu chenyewe. Na kichwa cha habari omba ukione kabla hakijatoka. Mhariri akigoma, mpe sentensi fupi iliyo sahihi. Mara nyingi ataichukua kwa sababu imemwondolea kazi.

Utaulizwa kuhusu uhai, kila mara. Jibu kwa kifupi: maji yalikuwepo, viumbe hawajathibitishwa. Halafu muulize yeye angetaka kuona nini kwenye jiwe ndipo aseme amesadiki.