Somo: Kufundisha maksai wachanga kulima, kuanzia Julai

Mvua za kwanza huku Nyanda za Juu Kusini hushuka Novemba, na ndipo wengi hukumbuka kwamba madume waliowanunua mnadani hawajawahi kuvaa nira. Wanafungwa plau siku hiyohiyo, watu wanne na fimbo nne, na jua likipanda mmoja amelala kwenye mfuo hataki kuinuka. Si ukaidi. Amelala, mzigo ukafunguliwa, akajua njia ya kuukwepa. Kesho atalala mapema zaidi.

Kwa hiyo anza Julai, mahindi yakishavunwa. Tenga wiki tano.

Jozi. Chukua wenye miaka miwili na nusu hadi mitatu; fungua mdomo uone meno ya mbele mawili au manne yaliyobadilika. Wasimamishe bega kwa bega. Kimo kikipishana zaidi ya vidole vinne, nira italala upande na shingo moja itaumia. Waliohasiwa kwa burdizo (koleo la kuhasi) waache mwezi mzima kwanza, uvimbe uishe.

Nira. Hapa usiwe na haraka. Ya kulimia iwe na sentimita 75 hadi 90 kutoka katikati ya shingo moja hadi nyingine. Ya kupalilia ni nyingine kabisa: mistari ya mahindi ikiwa sentimita 75, nira inataka 150, ili kila ng'ombe apite kwenye njia yake. Mlingoti (mkaratusi) mbichi ni mzito na hupasuka ukikauka, tafuta mti mkavu. Sehemu inayokalia shingo ikwangue kwa kipande cha chupa, kisha pitisha kiganja taratibu, kwenda na kurudi. Pakikukwaruza wewe, yeye patamchuna ndani ya saa moja. Kamba ya chini ya koo iache nafasi ya ngumi.

Hatua ya 1, siku 1–5: kamba. Mfunge kila mmoja kwenye mti imara kwa kamba iliyofungwa kwenye pembe na kuzungushwa kichwani. Usitumie kitanzi cha kukaza shingoni, atajinyonga. Mkae naye nusu saa asubuhi na nusu saa jioni, mguse shingo, nundu na miguu. Mpe pumba kwa mkono. Mpe na jina fupi, lisilofanana na la mwenzake.

Hatua ya 2, siku 6–12: kutembea, na zaidi kusimama. Neno la kwanza ni "simama", wala si "twende". Sema neno, hesabu moja, ndipo uvute kamba. Ukivuta huku unasema, atasikiliza kamba tu. Akisimama, legeza papo hapo. Huo ulegevu ndio malipo yake.

Hatua ya 3, siku 13–18: nira tupu. Amua nani kulia, nani kushoto, na usibadilishe tena. Plau hutupa udongo kulia, hivyo wa kulia ndiye atakayetembea ndani ya mfuo; awe yule mtulivu.

Hatua ya 4, siku 19–27: gogo. Anza na kilo 20, panda polepole hadi 50. Mnyororo uwe kama mita 3, gogo lisigonge visigino. Fungua mzigo wakiwa wamesimama kwa amri yako, kamwe si wakati wamegoma.

Hatua ya 5: plau. Kwanza ilazwe iburutwe tu. Kisha lima kina cha sentimita 8 hadi 10 kwenye kipande chenye unyevu kidogo, maana udongo mkavu wa Agosti ni kama saruji. Plau ikizama mno, fupisha mnyororo au shusha ndoano yake kwenye plau. Ikikwangua juujuu, fanya kinyume.

Msimu ukifika, fanya kazi kwa muda wa saa nne tu, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi. Plau inayokata upana wa sentimita 20 inawatembeza kama kilomita 20 kwa eka. Kwa mwendo wa kilomita 2.5 kwa saa, hizo ni asubuhi mbili. Anayejisifu kumaliza eka kabla ya chai, mpimieni eka yake.

MASWALI YA WANACHAMA

*Shikamoo wakubwa. Wangu mmoja analala kila akifika katikati ya shamba. (Mbarali)*
Marahaba. Pima joto kwanza. Likizidi nyuzi 39.5, na tezi za chini ya sikio zimevimba, huenda ni ndigana kali, ita mtaalamu wa mifugo leo. Kama mzima, usimpige na usimvue nira akiwa chini. Zibeni pua kwa viganja kidogo, atainuka mwenyewe. Avute hatua kumi, asimamishwe kwa amri, ndipo afunguliwe. Kesho punguza mzigo nusu.

*Shingo imechubuka, nimeweka matambara chini ya nira lakini inazidi. (Mbozi)*
Matambara ndiyo yanayozidisha, mkuu: yakilowa jasho hujikunja yakawa mafundo. Toa. Osha kwa maji ya chumvi, paka GV (ile dawa ya zambarau ya vidonda), asivae nira mpaka ngozi ifunge. Halafu rudi kwenye nira yenyewe na kile kipande cha chupa.

*Madume chotara wa maziwa wanafaa? Huku ndio wengi. (Njombe)*
Wanafaa, wana nguvu na ni wapole. Ila hawana nundu ya maana, nira huteleza. Chonga kikalio chake kipana zaidi. Jua likikaza wanachoka upesi, na kupe huwamaliza haraka kuliko wa kienyeji. Kuogesha kusirukwe, na mashudu ya alizeti yasikosekane.

*Naweza kufundisha peke yangu?*
Hatua mbili za kwanza, ndiyo. Kuanzia nira mnatakiwa watatu: wa mbele, wa pembeni na mshika plau. Wa mbele arudi pembeni kidogo kidogo, kisha nyuma, mpaka jozi iende kwa sauti tu.