Kaktusi za Lubumbashi hulala mwezi wa sita, si Noeli

Kila mwaka, mwezi wa tano ukikaribia kuisha, napokea picha zilezile kutoka kwa wanachama wetu wanaolea kaktusi. Kaktusi imesinyaa, rangi imefifia, ngozi ina mikunjo kama embe lililokaa siku nyingi kwenye beseni, na mwenyewe anauliza: nimwagilie maji kiasi gani? Usimwagilie. Mmea wako hauumwi, una usingizi.

Tatizo ni kwamba wengi tulijifunza kaktusi kwenye vitabu vilivyotoka Ulaya. Humo wanaandika kwamba kaktusi ipumzike kuanzia mwezi wa kumi na moja hadi wa tatu. Kwao ni sawa, ndiyo baridi yao. Kwetu Lubumbashi, kusini mwa Kongo, hiyo ndiyo miezi ya mvua, na baridi yetu inakuja mwezi wa sita na wa saba. Mimi mwaka wangu wa kwanza nilitii kitabu neno kwa neno. Mwezi wa kumi na mbili nilikata maji, huku vyungu viko nje na mvua inavipiga kila alasiri. Mwezi wa saba, usiku tunalala na mablanketi mawili, nikawa namwagilia kila Jumamosi. Nilitupa kaktusi kumi na moja.

Kwanza, jua unacholea

Usiruke hatua hii, kwa sababu si zote zinalala kwa namna moja, na nyingine si kaktusi kabisa.

Kaktusi ni watu wa Amerika, kuanzia Kanada hadi kusini mwa Argentina. Ni aina moja tu, Rhipsalis baccifera, inayoota yenyewe Afrika. Hiyo huning'inia kwenye miti kama nywele za kijani, hata miiba haionekani. Kwa hiyo ule mti mkubwa wa miiba uliofanya uzio kwenye lupango, yaani kiwanja, la jirani, unaotoa maziwa ukikatwa, karibu kila mara ni Euphorbia, mtoto wa Afrika. Maziwa yake ni ya hatari: yakiingia jichoni, osha kwa maji mengi papo hapo na uende hospitali, usingoje kesho.

Lakini maziwa peke yake hayatoshi kutoa hukumu, maana baadhi ya Mammillaria, ambazo ni kaktusi halali, nazo hutoa maziwa. Tazama mahali mwiba unapotokea. Kaktusi ina areoli: kidoti kidogo chenye manyoya kama pamba, na miiba inatoka humo kama kishada. Maua na machipukizi nayo hutoka kwenye vidoti hivyo au karibu navyo. Euphorbia haina pamba hiyo, na miiba yake mara nyingi hukaa miwili miwili kama pembe za mbuzi.

Baada ya hapo panga zako kwa makundi. Mammillaria haina mbavu, ina vichuchu mwili mzima, na maua yake madogo hujipanga duara kama taji. Gymnocalycium ina mbavu zenye uvimbe kama kidevu chini ya kila areoli, na kichomozo cha ua lake ni laini, hakina nywele wala mwiba. Echinopsis ni kinyume chake: ua hutoka kwenye mrija mrefu wenye manyoya, hufunguka jioni na kesho yake limelegea, kwa hiyo ukilala mapema umelikosa. Mpungate, yaani Opuntia, unaujua kwa vibapa vyake. Mpira wa manjano wenye mbavu nyingi ni Echinocactus grusonii wa Meksiko. Wafaransa wanauita mto wa mama mkwe. Mimi nina wakwe, siuiti hivyo.

Andika jina kwa penseli kwenye kipande cha ndoo ya plastiki, ukichomeke kwenye chungu. Wino wa kalamu huliwa na jua, penseli hubaki. Kama jina hulijui, andika tarehe na mahali ulipoipata. Jina litakuja siku ya ua.

Pili, funga maji

Kuanzia katikati ya mwezi wa nne punguza. Mbolea acha kabisa, hasa ile ya kukuza majani. Maji ya mwisho natoa wiki ya kwanza ya mwezi wa tano, asubuhi, siku ya jua. Baada ya hapo hakuna kitu mpaka mwezi wa tisa. Ndiyo, miezi minne.

Sababu ni hii. Usiku wa mwezi wa sita na wa saba hapa hushuka chini ya digrii 10. Kwa baridi hiyo mizizi hainywi. Maji yanabaki kwenye udongo, kuvu inaingia, na shina linaoza kutoka chini bila wewe kuona. Kaktusi kavu inavumilia digrii 5 bila shida, ila ikiwa na maji tumboni, digrii hizohizo zinaiua. Halafu kuna malipo: Rebutia, Mammillaria na Gymnocalycium nyingi zisipopata baridi kavu hazitoi maua vizuri. Tena sisi tuko karibu na ikweta, siku ndefu kabisa ya mwaka inaizidi fupi kabisa kwa saa moja na ushei tu. Mwanga hauwezi kuziambia waziwazi kwamba msimu umebadilika. Baridi na ukavu ndivyo vinavyosema.

Miche midogo na vyungu vyenye upana wa vidole vitatu usivifunge kabisa. Wape kijiko cha maji mara moja kwa mwezi, asubuhi yenye joto.

Udongo nao unahusika. Mzee mmoja alinishauri nitumie udongo wa kichuguu, kwa sababu mboga zake zinanenepa humo. Mboga sawa. Lakini udongo huohuo ndio watu wanafyatulia matofali, na kwenye chungu changu ulifanya kazi ileile: uligeuka tofali, mzizi ndani. Sasa nachanganya nusu ya mchanga mkubwa wa mtoni uliooshwa, robo ya tofali lililopondwa na kuchekechwa vumbi, na robo ya udongo wa majani yaliyooza, pamoja na konzi ya makombo ya makala, yaani mkaa. Makombo hayo mwuza makala atakupa bure. Chungu kikiwa kopo la nyanya, toboa matundu matano chini, si moja.

Tatu, mahali pa kulala

Hapa ndipo vitabu vinatudanganya kwa mara ya pili. Wanasema dirisha la kusini. Ulaya jua linapita kusini. Hapa Lubumbashi, mwezi wa sita, saa sita mchana jua liko upande wa kaskazini. Ukuta unaotazama kaskazini ndio unaopata jua la kiangazi cha baridi. Na mwezi wa kumi na mbili jua linahamia kidogo kusini, hivyo barza hiyohiyo inakuwa na kivuli. Mbao mbili juu ya matofali chini ya ukingo wa paa, umemaliza.

Zikilala zinataka mwanga mwingi, hewa na ukavu. Usiziingize ndani karibu na mbabula, yaani jiko la makala, ukidhani unazionea huruma. Joto la usiku linaziamsha, mwanga hakuna, zinarefuka kama mshumaa. Na mbabula ndani ya nyumba iliyofungwa ni hatari kwako wewe kwanza.

Vumbi jekundu la kiangazi lifute kwa brashi laini ya rangi, usioshe kwa maji. Ukifuta, angalia katikati ya miiba. Ukiona kitu cheupe kama uzi wa pamba, hao ni bilulu, wadudu wanaofyonza maji. Chovya kijiti chenye pamba kwenye alkoli ya digrii 70, uwaguse mmoja mmoja, rudia baada ya wiki. Ukiona mmea unadhoofika bila sababu, utoe kwenye chungu: kuna jamaa zao wanaokaa kwenye mizizi, weupe kama unga.

Nne, kuamsha

Mwezi wa tisa joto linapanda kwa kasi. Usimwage ndoo. Wiki ya kwanza nyunyizia ukungu asubuhi. Wiki ya pili maji kidogo pembeni ya chungu. Zikijaa tena na ncha ikionyesha kijani kipya, wiki ya nne unanywesha hadi maji yatoke chini. Kubadilisha chungu ni wakati huu. Ukikata mizizi iliyokufa, acha mmea ukae kavu siku saba kabla ya maji.

Jua la mwezi wa kumi linachoma. Zilizokuwa kivulini zisogeze taratibu, wiki mbili, la sivyo zitapata doa jeupe ambalo halitoki maisha yote. Mvua zikianza, zirudishe chini ya paa. Zilizokufa nyingi kwangu hazikufa kwa baridi, zilikufa mwezi wa kwanza.

Maswali ya wanachama

*Papa, jambo. Niko Katuba. Nina ile yenye kichwa chekundu, nililaza kavu na zingine, sasa shina la kijani chini limekuwa laini. Nimekosea wapi?*

Pole mama. Hiyo ni mimea miwili. Kichwa chekundu ni Gymnocalycium mihanovichii isiyo na kijani, haiwezi kujipikia chakula, kwa hiyo imepandikizwa juu ya kaktusi nyingine, Hylocereus. Kichwa kinavumilia baridi, lakini Hylocereus ni mtu wa nchi ya joto, chini ya digrii 10 anaoza. Hiyo peke yake usiku iingize ndani, na uipe maji kidogo kila wiki tatu. Kwa sasa, kama kichwa bado kigumu, kata kwa kisu kilichopitishwa kwenye alkoli, ukipandikize juu ya shina zima la Cereus, kaktusi ya nguzo, ukibane kwa mpira wa kufungia noti. Kwenye mchanga hakitaishi.

*Aksanti kwa somo. Sisi Goma hatuna mwezi wa baridi kama ninyi. Zitalala lini?*

Ndugu, kwenu mvua inapungua kuanzia mwezi wa sita hadi wa nane, tumia hiyo. Funga maji, weka chini ya paa, basi. Usiku wenu una ubaridi wa kutosha kwa nyingi, ingawa zile zinazodai baridi kali, kama Rebutia, zinaweza kukunyima maua. Ila ninyi mna kitu nakionea wivu: vile vijiwe vya lava vyenye matundu. Ponda, chekecha, osha, changanya nusu kwa nusu. Sisi tunaponda matofali kwa sababu hatuna volkano.

*Yaya wangu, ndugu yangu mkubwa, ana ile ya majani bapa isiyo na miiba, inayoitwa kaktusi ya Noeli. Inatoa maua mwezi wa tano! Imechanganyikiwa?*

Haijachanganyikiwa, mwambie yaya atulie. Schlumbergera inatoka milima ya kusini-mashariki mwa Brazili, na huko Wabrazili wenyewe wanaiita ua la mwezi wa tano. Noeli ni ya Ulaya. Hiyo usiilaze kavu kama zingine, kwao inaishi juu ya miti kwenye msitu wenye unyevu. Endelea kuipa maji, epusha jua kali, na usigeuzegeuze chungu ikiwa na vichomozo, vitaanguka.

*Yangu ilikuwa duara, sasa juu imechongoka kama chupa. Iko saluni, yaani sebuleni, karibu na televisheni.*

Njaa ya mwanga. Sehemu iliyochongoka hairudi kuwa nene. Itoe barzani, na mwezi wa tisa, si sasa, unaweza kukata juu na kuotesha upya.

*Vimiiba vya mpungate vimeniingia mkononi, havionekani ila vinawasha. Nifanye nini?*

Usisugue wala usinyonye kidole. Bandika utepe wa gundi, uvute kwa haraka, rudia na kipande kipya. Kilichobaki tafuta kwa kibano, umesimama juani, mkono umeuinamisha ili mwanga upite pembeni. Na kesho, ukitaka kuuhamisha, ukamate kwa gazeti lililokunjwa mara nne.