Koili ndogo kwenye korongo lililokwisha kupimwa: ninavyoitumia, hatua kwa hatua

Juzi kijana mmoja alinifuata Makongolosi, huku Chunya, na mashine yake ya kupimia dhahabu mgongoni, uso umemkunjamana. "Kaka, hii koili ndogo mbovu. Inalia tu." Koili ni ile sahani ya chini ya mashine inayohisi chuma na dhahabu ardhini. Alikuwa amezunguka nayo siku tatu kwenye korongo ambalo kila mwenye mashine hizi Chunya ameshalipita, akachimba mashimo mpaka akachoka kuyahesabu, na mfukoni alikuwa na misumari na vizibo vya soda. Tukaenda naye. Jioni alirudi na punje mbili, kwa pamoja pointi tatu (pointi moja ni sehemu moja ya kumi ya gramu). Si utajiri, lakini koili ilikuwa nzima. Naandika tuliyoyafanya siku ile, maana ni maswali yale yale ninayoulizwa kila wiki.

Kwanza elewa unachobeba. Koili kubwa inafika chini zaidi, ila kwa kipande kikubwa. Punje ya pointi moja ikipita chini ya koili ya inchi 14 mara nyingi mashine haijui kama kuna kitu. Koili ndogo inabana nguvu zake mahali padogo, kwa hiyo punje hiyo hiyo inalia. Tena haioni udongo mwingi kwa wakati mmoja, na kwenye udongo wetu mwekundu uliojaa chuma hilo ni jambo kubwa. Unacholipa ni kina: punje ndogo namna hiyo usiitegemee chini ya vidole vitatu, vinne. Anayekwambia koili ya inchi 5 inafika mita moja anataka hela yako.

Mimi natumia mashine ya Gold Monster 1000, inayofanya kazi kwa kilohezi 45 na huja na koili mbili, ya duara ya inchi 5 na ya umbo la yai ya inchi 10. Ukiwa na mashine nyingine ya aina hiyo, kama Gold Bug 2, utaratibu ni huu huu. Wenye mashine kubwa za GPX na GPZ mambo yenu ni mengine kidogo, ila hatua ya tatu inawahusu pia.

Hatua ya 1: Chagua mahali

Koili ndogo si ya kutafutia eneo jipya. Utazunguka pori zima kwa inchi tano tano mpaka uzeeke. Nenda pale dhahabu ilikwisha kuonekana: nyufa za mwamba chini ya korongo, kingo za marundo ya zamani, mizizi ya miti iliyokaa juu ya mwamba, kifusi kilichotolewa kwenye maduara, yaani mashimo ya wachimbaji. Huku Lupa watu waliosha mchanga wa vijito tangu miaka ya 1920, na marundo yao bado yapo, pamoja na misumari yao na makopo yao. Mwenye koili kubwa akifika hapo anakimbia kelele. Wewe kaa.

Ongea na mwenye leseni kabla hujawasha mashine, na mgao mkubaliane mapema. Ukishapata punje, mazungumzo hubadilika.

Hatua ya 2: Funga koili

Boliti ni ya plastiki, usiikaze kama ya pikipiki. Waya uzungushe kwenye mti wa mashine ukiwa umebana, usining'inie hata kidogo.

Hatua ya 3: Nyamazisha kelele

Hapa ndipo watu wanaposema koili mbovu. Mimi mwenyewe nilipoteza siku moja na nusu Itumbi, nikachimba kila mlio, na kila shimo likawa tupu. Mlio ulikuwa mzuri kabisa, mkali na mfupi, ule unaofanya moyo uruke. Nachimba, unahama. Nachimba tena, haupo. Nilishaanza kufikiria mambo ya waganga.

Fanya hivi, kwa mpangilio huu, usiruke.

Inua koili hewani, usawa wa kiuno, mbali na kila chuma. Ikiendelea kulia ikiwa hewani imetulia tuli, tatizo si ardhi. Ni umeme: nyaya za juu, simu yako, au mashine ya mwenzako. Simu izime kabisa, usiiweke kwenye mtetemo ukadhani umemaliza. Mwenzako asogee hatua thelathini hivi. Viatu pia: buti lenye chuma kwenye vidole linalia kila unapopitisha koili karibu na mguu. Vaa gambuti la kawaida, na pete vua.

Ikinyamaza hewani, itikise taratibu, kisha gonga waya kwa kidole. Ikilia, waya umelegea au kiungio kina uchafu. Fungua, futa, kaza upya.

Hapo pote pakiwa salama, vua kile kifuniko cha plastiki kilicho chini ya koili. Huo ndio ulikuwa ugonjwa wangu wa Itumbi, na ndio ulikuwa ugonjwa wa huyu kijana. Ndani tulikuta mchanga mweusi umejaa kama unga. Mchanga ule ni chuma, sumaku inauvuta wote. Ukiingia kati ya kifuniko na koili, kila unapofyagia unatembea kidogo, na mashine inausikia kama punje ndogo sana. Kwenye koili kubwa pengine usingejua. Kwenye koili ndogo, ambayo kazi yake ni kusikia vitu vidogo, ni kelele kutwa nzima. Masika ni mbaya zaidi, maana tope linauingiza na kuugandisha. Osha kwa maji, kausha, rudisha kifuniko, kisha zungushia ukingoni tepu ya mafundi umeme. Wapo wanaoziba kwa silikoni. Mimi siitaki: siku ya kufungua unapasua kifuniko, na kupata kingine huku ni safari. Tepu nabandua kila baada ya siku mbili tatu, naosha, nabandika nyingine.

Usiache kifuniko nyumbani ukadhani umetatua, kwa sababu mwamba utaila koili yenyewe.

Baada ya hayo ndipo ulaumu ardhi. Weka koili chini mahali ambapo huna shaka napo, ipandishe na kuishusha polepole mara kadhaa mpaka mashine izoee udongo. Gold Monster inajizoesha yenyewe, lakini ipe nafasi, na ukihama kutoka kwenye mchanga mweupe kwenda kwenye udongo mwekundu simama ufanye tena. Wepesi wa kunasa (sensitivity) usiuweke 10. Vijana wote wanaweka 10 kwa sababu ni namba kubwa. Shusha mpaka mashine inyamaze, halafu ongeza moja. Mashine iliyotulia kwenye 6 inapata dhahabu ambayo ile inayopiga kelele kwenye 10 inaipita.

Yatabaki mawe meusi yenye chuma. Mlio wake ni mpana, umelegea, na ukiinua koili kidogo unapotea haraka. Ukiwa na shaka lisukume jiwe kwa mguu: mlio ukilifuata, jibu umelipata. Lakini usilitupe kabla ya kuliangalia. Jiwe jeupe la kwatsi linalolia, hilo livunje, huenda dhahabu imo ndani.

Hatua ya 4: Fyagia

Polepole, koili ikigusa ardhi. Usiinue mwishoni mwa kila mpigo kama unafyeka majani. Hapo unapoteza vidole viwili, na una vitatu tu. Kila mpigo ufunike nusu ya uliotangulia. Majani na mawe yaondoe kwanza kwa reki, na iwe ya plastiki.

Hedifoni ni lazima, tena za waya. Mlio wa pointi moja haufiki sikioni kama kuna upepo au karasha, mashine ya kusaga mawe, jirani.

Hatua ya 5: Chimba na utoe

Chimba kila mlio unaojirudia ukipita kushoto na kulia. Sehemu ya kuchuja chuma mimi siiamini kwenye takataka za zamani. Punje iliyolala ubavuni mwa msumari itaitwa chuma na utaiacha. Badala yake beba sumaku iliyofungwa kwenye kijiti, choma nayo shimo kwanza. Msumari utakuja wenyewe. Kisha pima tena.

Mlio ukibaki, chota udongo kwa chombo cha plastiki, gawa nusu kwa nusu mpaka ubaki na kiganja kimoja. Ulaze mashine, koili iangalie juu, unyunyizie udongo huo juu yake kidogo kidogo. Punje ikidondoka utaisikia. Risasi hulia vile vile kama dhahabu, kwa hiyo usishangilie kabla ya kuiona.

Yule kijana punje yake ya kwanza tuliitoa kwenye ufa wa mwamba aliokuwa ameukalia asubuhi akinywa maji. Akaniuliza amuuzie nani ile koili ya inchi 10. Nikamwambia aiache kwanza. Jumamosi tunaenda kwenye kifusi cha greda, na huko hii ndogo itabaki kwenye begi.