Kupima ukubwa wa fonti kwenye karatasi na kwenye skrini

Kwenye karatasi fonti hupimwa kwa pointi. Pointi ya kompyuta ni 1/72 ya inchi, yaani milimita 0.3528, hivyo pointi 12 ni milimita 4.23. Lakini ukiweka rula juu ya herufi A ya pointi 12 hutapata 4.23, na hapo ndipo wengi hukwama. Kinachopimwa ni kisanduku kinachobeba herufi, takriban kutoka kichwa cha b hadi mkia wa p. Ndiyo maana Verdana ya 12 huonekana kubwa kuliko Times New Roman ya 12: herufi zake ndogo, kama x, ni ndefu zaidi ndani ya kisanduku kilekile.

Ukitaka bango lenye herufi kubwa za sentimita 10 kwa Arial, usiandike pointi 283. Herufi kubwa za Arial huchukua takriban 0.716 ya kisanduku. Gawa milimita 100 (yaani sentimita 10) kwa 0.716, kisha gawa jibu kwa 0.3528: pointi 396. Kabla ya kuchapisha, hakikisha printa imewekwa 100%; ikiachwa ipunguze ukurasa ili uenee, hesabu yote imeharibika.

Kwenye tovuti, CSS (lugha ya kupanga mwonekano wa kurasa) huhesabu pikseli 96 kwa inchi. Zidisha pointi kwa 4, gawa kwa 3: pointi 12 ni pikseli 16. Inchi hiyo ni ya kimahesabu tu, kwa hiyo usipime skrini kwa rula. Matini ya kawaida yaandikwe kwa rem, kipimo cha CSS kinachofuata saizi ya msingi ya fonti ya ukurasa: msomaji mwenye macho hafifu akiongeza saizi ya fonti kwenye mipangilio ya kivinjari, maandishi hukua. Yaliyofungwa kwa pikseli hubaki vilevile.